Mkubwa Niliyemtafsiria

Sitataja jina lake wala cheo chake. Amekwisha kufa, na watoto wake wapo, wengine ni watu wazima wenye heshima zao. Itoshe kusema kwamba katika miaka ya sabini aliletwa Karatu kusimamia kazi ya vijiji vipya, upande wetu wa wakulima na upande wa juu, ng'ambo ya kreta kubwa ya volkeno, waliko wafugaji. Sisi tulimwita Mkubwa tu. Mimi nilikuwa mkalimani wake kwa karibu miaka mitatu, na katika maisha yangu yote sijawahi kuzungukwa na watu wengi kama miaka ile, wala kuwa mpweke kama miaka ile.

Kimaasai nilikipata utotoni. Baba yangu alikuwa Mwiraqw, mkulima wa ngano na maharage kwenye mteremko unaotazama msitu, na kama watu wengi wa kwetu alikuwa na ng'ombe aliowaweka kwa rafiki yake Mmaasai upande wa Kakesio. Nilipofika miaka saba nilipelekwa nikae na hao ng'ombe. Nilikaa miaka minne. Mke wa rafiki yake baba alinilea pamoja na watoto wake, nami nilimwita yeyo, yaani mama, kama wao walivyomwita. Niliporudi nyumbani kuanza shule nilikuwa nimesahau nusu ya Kiiraqw, na mama yangu mzazi alinicheka mbele ya wageni kwa jinsi nilivyoomba maji. Kiswahili kilikuja mwisho, darasani, kwa fimbo. Baadaye nikawa mwalimu wa shule ya msingi.

Mkubwa aliniona kwenye mkutano wa hadhara hapo Karatu. Walikuwa wamekuja wazee wa kifugaji kutoka juu, na mtu aliyetakiwa kutafsiri hakutokea. Watu walianza kunung'unika. Nilinyanyua mkono, nikaitwa mbele, nikasimama kando ya Mkubwa na kuanza. Sikuwa nimewahi kufanya kazi hiyo, lakini ilikuja yenyewe. Wazee wale walicheka pale alipotaka wacheke, wakanyamaza pale alipotaka wanyamaze. Mkutano ulipokwisha aliushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Kijana," alisema, "leo ndiyo nimesikika."

Aliniuliza ninaishi wapi, baba yupo, mama anaendeleaje. Nikamwambia mama anasumbuliwa na magoti. Baada ya majuma mawili Landrova yake ilipanda hadi nyumbani kwetu na chupa ya dawa ya kuchua na barua fupi ya pole aliyoiandika kwa mkono wake. Mama hakujua kusoma. Aliiweka barua ile ndani ya Biblia. Basi nani asingempenda mtu wa namna hiyo? Nilikuwa na miaka ishirini na minne, sina mke, naishi chumba kimoja nyuma ya maduka, na hakuna mtu mkubwa aliyewahi kuniuliza habari za nyumbani akasubiri jibu. Aliponiomba kwa wakuu wangu nitoke shuleni nikafanye kazi naye, nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Tulikuwa watatu ndani ya gari, yeye mbele, dereva wake, na mimi nyuma na kipaza sauti cha mkono mapajani ili kisigongwe na mashimo. Tulipanda msitu kwenye ukungu, tukaizunguka kreta, tukateremka upande wa pili kwenye jua na vumbi. Kila mkutano ulipokwisha, tukiwa bado hatujafika mbali, aligeuza shingo kidogo na kuuliza, "Nilikuwaje leo?"

Dereva alijibu haraka, "Leo umewamaliza, mzee."

Halafu ilikuwa zamu yangu. Mimi nilikuwa msomi, kwa hiyo sikuruhusiwa kusema umewamaliza. Nilitakiwa kutaja sehemu, kwamba pale ulipozungumza juu ya maji yule mzee wa mbele alitikisa kichwa, na akina mama walinong'ona. Mwanzoni nilitaja yaliyotokea kweli. Baadaye, yaliyotokea yalipokuwa machache, niliongeza. Nisipoongeza alinyamaza njia nzima, na ukimya wake ulijaa garini hadi dereva akaanza kunitazama kwenye kioo kana kwamba nimemwaga kitu.

Hakuweza kufika mahali kimyakimya. Tulisimamisha gari nyuma ya kilima au kwenye kona, nikatumwa kwa miguu nikaangalie kama watu wamekaa na kama kina mama wako tayari kuimba. Wakiwa bado, tulisubiri. Nakumbuka siku moja tulisubiri nyuma ya kichuguu zaidi ya saa nzima, na ng'ambo ya kichuguu watu nao wanatusubiri sisi, wote tukilijua hilo. Nilipokwenda kuchungulia mara ya tatu, mzee mmoja aliniuliza kwa Kimaasai kama gari limeharibika. Nikasema ndiyo.

Alihesabu hata urefu wa tafsiri yangu. "Mimi nimesema dakika tano," aliniambia siku moja, "wewe umesema moja. Nyingine umezipeleka wapi?" Nikamweleza kwamba Kimaasai kina njia yake. Hakuridhika. Tangu siku hiyo nilirefusha, nikitia mafumbo ya ng'ombe na ya mvua ambayo yeye hakuyasema, na watu wakampenda kwa mafumbo hayo. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Siku moja tukiwa njiani, tukingoja dereva abadilishe gurudumu, nilimsimulia jambo la utotoni. Nilikuwa na miaka kama minane, ndama alinasa kwenye tope la korongo, na wenzangu walikuwa wamekwisha tangulia na kundi. Sikuwa na nguvu ya kumvuta. Nililala kifudifudi, nikakishika kichwa chake kisizame, na nikamwimbia tangu mchana hadi jua lilipolegea, ndipo mume wa yeyo akatufuata kwa nyayo. Mkubwa alisikiliza vizuri sana. Alikuwa msikilizaji mzuri alipotaka. Aliuliza rangi ya ndama. Aliuliza wimbo ulikuwa upi.

Mwezi uliofuata, mbele ya watu wengi, alichukua kipaza sauti na kusema, "Ndugu zangu, mimi nilipokuwa mtoto mdogo, ndama wetu alinasa kwenye tope." Alikuwa mtoto wa mjini, baba yake mwenye duka la vitambaa. Aliisimulia yote, ndama mwekundu mwenye doa jeupe, tope, jua, wimbo. Kila baada ya sentensi mbili alinyamaza kunisubiri, na mimi nikaitafsiri. Niliwaambia watu kwa Kimaasai kwamba mtu huyu alilala topeni na kumwimbia ndama. Wanawake wakatoa sauti za huruma. Nilipokuwa natafsiri nilimtazama usoni nione kama kuna aibu yoyote, au hata kikonyezo. Macho yake yalikuwa na machozi. Ya kweli kabisa. Alikuwa amekwisha amini.

Garini aliuliza alikuwaje. Nikamwambia kisa cha ndama kiliwagusa.

"Eeh," akasema. "Huwa kinagusa."

Karatu nako mambo yalikuwa yamebadilika bila mimi kuona. Walimu wenzangu wa zamani hawakupita tena chumbani kwangu kucheza drafti. Nikiingia mgahawani, mazungumzo yalishuka. Watu waliniamkia kwa adabu ambayo mtu wa umri wangu hapewi, wakanipisha kwenye benchi, na benchi zima likabaki langu. Walidhani nasikiliza kwa niaba ya Mkubwa. Jumapili nilialikwa nyumbani kwa Mkubwa kula chakula cha mchana, na huko tuliongea habari zake hadi chai. Mke wake alileta vyombo, akaondoa vyombo, na sikumbuki hata mara moja Mkubwa akimgeukia na kumwuliza jambo.

Mama yangu ndiye aliyesema wazi. Nilikuwa nimekwenda kuwatembelea, nikawa namweleza baba habari za vijiji. Mama akaacha kupepeta maharage akasema kwa Kiiraqw, "Unanyoosha mkono kama yeye. Hata kucheka unacheka kama yeye. Wewe mwenyewe umemwacha wapi?" Nilikasirika, nikaondoka kabla ya chakula.

Kulikuwa na bwana mifugo mmoja upande wa juu, mtu mfupi, mpole, mwenye baiskeli. Wafugaji walimpenda kwa sababu alilala kwenye maboma yao na kuingiza mkono wake mwenyewe pale ng'ombe aliposhindwa kuzaa. Katika mkutano fulani, Mkubwa alipokuwa anawatambulisha maofisa, jina la bwana mifugo lilipotajwa watu walipiga makofi na vigelegele. Ilichukua muda kutulia. Nilimwona Mkubwa akitabasamu na kupiga makofi pamoja nao, na nilijua tabasamu lile, mdomo tu ndio ulikuwa unafanya kazi. Njiani hakuuliza alikuwaje. Aliuliza, "Yule kijana wa mifugo ana nini na watu wale?"

Dereva aliendelea kutazama barabara. Mimi nikasema, "Labda anawazoea mno, mzee."

Nilisema tu nipate kusema. Kabla ya mwezi kwisha bwana mifugo alihamishwa kwenda mbali, na baiskeli yake akaiacha kwa mwalimu mmoja. Mahali pake hapakuletwa mtu.

Ndipo likaja jambo la josho. Josho jipya la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limejengwa pembeni mwa mbuga, karibu na njia ya magari, mahali ambapo wageni wangeliona kwa urahisi. Mkubwa alikuwa amealika mgeni mkubwa kutoka mbali aje kulifungua, na alitaka mpiga picha, na katika picha alitaka ng'ombe wasiohesabika, hadi upeo wa macho, kwenye majani mabichi. Majani mabichi mbugani yanapatikana mwezi wa pili. Akapanga mwezi wa pili. Tukaenda Kakesio kuwatangazia watu.

Wakati wa kuuliza maswali, wanaume walitazamana. Kisha yeyo, mama yangu mlezi, akasimama. Alikuwa mjane kwa wakati huo, mwembamba, shanga zake za masikio zimefifia rangi. Si kawaida mwanamke kuanza kusema, lakini nadhani alisimama kwa sababu mkalimani alikuwa mimi. Hakumtazama Mkubwa. Alinitazama mimi.

"Mwanangu, mwambie hivi," alisema. "Mwezi huo nyumbu wanazaa mbugani. Mahali nyumbu wamezaa, ng'ombe hapiti. Sisi wote tunakaa na ng'ombe wetu juu mpaka wale ndama wa nyumbu wakue. Ng'ombe akikutana nao anaumwa, macho yanakuwa meupe, hakuna dawa. Wewe unajua, uliishi kwangu, ulizuiwa kwa fimbo usishuke. Mwambie asubiri mvua kubwa zipite. Tutamletea ng'ombe wote anaowataka."

Kila mfugaji pale alilijua jambo hilo. Mimi nililijua. Bwana mifugo angelisema kwa maneno matatu. Nikamgeukia Mkubwa, na nikauona uso wake umekaa tayari kupokea sifa, kama mtu aliyekinga mikono maji ya kunawa. Juma lile alikuwa amenikalia kimya siku mbili kwa sababu ya kosa dogo, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuniongelesha tena.

Nikasema, "Mama anasema wamefurahi sana kupata josho. Anaomba tu, kama inawezekana, siku iangaliwe vizuri."

"Mwambie siku imekwisha angaliwa," akasema Mkubwa, na akanyanyua mkono kuwapungia.

Yeyo aliniuliza, "Amesema nini?"

"Amesikia," nikamwambia.

Akakaa. Nilimwona akimwambia jirani yake, na jirani akatikisa kichwa, na habari ikapita hivyo safu hadi safu kwamba Mkubwa amesikia. Walifikiri basi siku itabadilishwa. Lakini ilipokaribia, magari yalizunguka kwenye maboma na amri kwamba kila kundi lishuke joshoni, na mwenye kundi lisiloshuka ataitwa Karatu kujieleza. Wakashuka.

Ilikuwa siku nzuri, hilo siwezi kukataa. Mbuga nzima ilikuwa ya kijani, nyumbu wamejaa mpaka huwezi kuona mwisho wao, ndama wao wa rangi ya udongo wakirukaruka. Na katikati yao ng'ombe, kundi baada ya kundi, wafugaji wakijitahidi kuwatenga kwa fimbo na miluzi bila kuweza. Mgeni hakuja. Tulingoja hadi jioni. Ng'ombe wakalala palepale. Kesho yake tulingoja tena hadi saa nane, ikaja taarifa kwamba mgeni amepata shughuli nyingine. Nilidhani Mkubwa atakasirika. Kinyume chake alichangamka. Alikata utepe mwenyewe, akahutubia karibu saa mbili, na mpiga picha akampiga picha akiwa peke yake mbele ya maelfu ya ng'ombe. Sijawahi kumwona mwenye furaha kama siku ile. Alinishika bega na kusema, "Unaona? Mgeni angetuharibia."

Nilimtafuta yeyo kwa macho. Alikuwa mbali, amesimama katikati ya ng'ombe wake, amewapa mgongo watu wote.

Walianza kufa mwezi wa tatu. Habari zilifika Karatu kidogo kidogo, kwa wapita njia waliokuja kununua mahindi. Boma hili wamekufa sita, boma lile kumi na moja. Macho kama maziwa, makamasi, kichwa kimeinama, siku nne au tano, basi. Mkubwa aliposikia alisema dawa ya josho ilichanganywa vibaya na wafugaji wenyewe. Kisha akasema ni uchawi wa wazee wanaopinga maendeleo. Kisha akasema ni uvumi. Kila maelezo aliyatoa kwa uhakika uleule, na alipotoa ya pili alikuwa amesahau kabisa kwamba kulikuwa na ya kwanza. Mimi nilikuwa nakaa naye ofisini na kusema ndiyo mzee. Nikirudi chumbani nilifunga mlango, nikalala na viatu. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Wale ambao ningewaambia nilikuwa nimewapoteza mmoja mmoja kwa ajili yake.

Mvua zilipopungua alitaka kurudi Kakesio. Alikuwa amesikia kwamba watu wanalalamika, na aliamini kwamba wakimwona tu watatulia. Kabla ya mkutano hatukusimama nyuma ya kilima, kwa sababu nilimwambia kwamba leo hakuna nyimbo. Alinitazama kana kwamba nyimbo nimezificha mimi.

Alihutubia kwa muda mrefu. Aliwaambia jinsi yeye alivyoumia kwa vifo vile, jinsi asivyolala, jinsi wakubwa wanavyomwuliza maswali, jinsi mtu anayewapigania anavyobebeshwa lawama. Nilitafsiri. Ilikuwa hotuba ya msiba, na aliyekuwa amefiwa ndani yake ni yeye. Watu walimsikiliza kama wanavyosikiliza mvua inayonyesha bonde la pili.

Yeyo akasimama tena. Safari hii hakunitazama mimi. Alimtazama yeye.

"Nilikuwa na ng'ombe ishirini na tisa," alisema. "Nina wanne. Watoto wa mwanangu hawana maziwa. Nilikuambia habari ya nyumbu, ukasema umesikia. Nataka kujua ulisikia nini."

Mkubwa alikuwa ananisubiri, amepinda kichwa upande wangu. Ningeweza kusema mama anaomba msaada. Ingekuwa hata si uongo. Nakumbuka niliangalia viatu vyangu, viatu vya ngozi alivyoninunulia yeye. Halafu nikatafsiri. Neno kwa neno, namba kwa namba. Nilipofika kwenye swali nililiuliza kwa sauti ileile ya yeyo.

Mkubwa alicheka. "Mkalimani wetu amechoka," aliwaambia maofisa. Kisha kwangu, polepole, "Hebu niambie vizuri. Mama anasema nini?"

"Anasema alikuonya kuhusu nyumbu, mzee. Na kweli alikuonya. Mimi sikukutafsiria."

Nikageuka, nikayasema hayohayo kwa Kimaasai, kwa watu wote, kwamba siku ile maneno ya mama hayakumfika, niliyakata mimi. Hakuna aliyepiga kelele. Yeyo aliendelea kusimama kwa muda, kama mtu anayepima kitu, kisha akakaa chini na kujifunika shuka kichwani.

Nilitegemea Mkubwa atanitukana. Ningependa angenitukana. Alichofanya ni kuacha kuniona. Alikichukua kipaza sauti mkononi mwangu bila kugusa vidole vyangu, akafunga mkutano kwa Kiswahili, akaagana na kila mtu aliyekuwa karibu, na macho yake yalipofika kwangu yalipita kama yanavyopita kwenye mlango ulio wazi. Dereva alichelewesha kidogo kuwasha gari. Nadhani alikuwa ananisubiri. Kisha likaondoka. Nilibaki nimesimama Kakesio na nguo nilizovaa.

Nilikaa siku tano nikingoja lori la kupita. Nilikaa kwenye boma la yeyo, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kukaa, na yeye hakunifukuza. Alinipa uji wa maji. Watoto walikuwa wananitazama ninavyokunywa, nikaacha nusu. Alasiri ya siku ya tatu tulikuwa tumekaa nje, yeye akirekebisha kibuyu kilichopasuka, ingawa hakukuwa na maziwa ya kuweka.

"Ulimwogopa?" aliniuliza.

"Hapana, yeyo. Nilitaka anipende."

Alifikiri juu ya hilo. "Na alikupenda?"

"Sijui. Nilidhani."

"Mimi nilikupenda bure," alisema, na akaendelea na kibuyu chake.

Nilirudi kwenye ualimu. Nilipangiwa shule ya mbali, kwenye baridi, ambako nilikuwa mwalimu wa tatu na wa mwisho. Mkubwa aliwaambia watu wa Karatu kwamba alinifukuza kwa sababu nilikuwa napotosha tafsiri, na hilo lilikuwa kweli. Alipata mkalimani mwingine. Baada ya miaka miwili hivi alihamishwa, wengine wanasema alipandishwa, wengine wanasema aliondolewa. Baba alipokufa nilirithi ng'ombe wake wachache, nikapeleka mitamba watatu Kakesio. Yeyo aliwapokea, akawapa majina. Nilikuwa naenda kila likizo. Alinisimulia habari za ng'ombe tu, nani amezaa, nani ana maziwa mengi, na mimi niliona hiyo ni nafasi kubwa kuliko niliyostahili. Alikufa kwa kifua wakati wa kipupwe. Nilipata habari baada ya wiki tatu.

Miaka ya themanini ikiwa inaelekea ukingoni nilisikia kwamba Mkubwa amerudi Karatu kustaafu, kwenye shamba alilojipatia wakati wake, na kwamba anaumwa. Nilifikiri kwa siku kadhaa. Nilikuwa na mke na watoto kwa wakati huo na hakuna aliyenilazimisha. Nikaenda.

Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha kamba, amevaa suti ya kaunda iliyompwaya. Hakuwepo mtu mwingine. Nilimwamkia, akaitikia kwa uchangamfu uleule wa zamani, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza mama anaendeleaje. Mama alikuwa hai bado, kwa hiyo nikasema anaendelea vizuri, magoti tu. Akatikisa kichwa kwa huruma, na nikaona kwamba hanijui kabisa. Alinichukulia kuwa mmoja tu wa wale wengi waliokuwa wakimwamkia.

Alizungumza karibu saa mbili. Alinieleza juu ya josho. Alisema siku ile ilikuwa kubwa kuliko zote katika utumishi wake, kwamba mgeni alikuja na msafara wa magari, akamwambia mbele ya watu wote kwamba hajawahi kuona kiongozi anayependwa namna ile. Nilimwuliza kama anakumbuka ng'ombe waliokufa.

"Ng'ombe gani?" aliuliza. Hakuwa anaficha. Aliuliza kama mgeni.

Nikamtajia Kakesio. Nikamtajia mjane mwenye ng'ombe ishirini na tisa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha jicho lake likaanza kuzunguka, na nilipomaliza akasema kwamba watu wa upande ule walimpenda sana, hata leo akienda watamwimbia. Nilikuwa nimekwenda na maneno mengi. Nilitaka aniombe radhi, au nimwombe mimi, sikuwa na uhakika. Lakini hapakuwa na mtu wa kumwambia. Alikuwepo pale anaongea, na baraza ilikuwa tupu.

Nilipoaga, mke wake alinisindikiza hadi barabarani. Alikuwa amezeeka vizuri. Alitembea polepole, mikono nyuma.

"Hakukukumbuka," alisema.

"Hapana, mama. Wewe unanikumbuka?"

"Ulikuwa unakula kwangu kila Jumapili. Ulikuwa unapenda ukoko wa wali, na unaona haya kuuomba." Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Mimi nimekaa naye miaka thelathini na tano. Naandaa chai asubuhi, ananieleza alivyolala. Siku moja nilijaribu kutomwuliza, nione kama ataniuliza mimi. Nikangoja. Ikapita siku, ikapita wiki. Nikaona nitamaliza maisha hivi, nikaendelea kumwuliza."

Nilimwuliza yeye amelalaje.

Alisimama, akanitazama kana kwamba nimesema kwa lugha nyingine. Halafu akaanza kunieleza. Mgongo unamsumbua upande wa kushoto, anaamka alfajiri kabla ya majogoo na hapati tena usingizi, na humwota dada yake aliyekufa wakiwa bado wasichana. Gari la kwenda upande wetu lilikuja likapita. Tukakaa kwenye gogo pembeni mwa barabara, na nikamsikiliza mpaka alipomaliza.